Kamati ya Kuhakiki Kicheko

Palikuwa na nchi. Tuseme palikuwa, maana tukisema ipo itabidi ihakikiwe, na foleni ya uhakiki katika nchi ile ilikuwa ndefu kuliko nchi yenyewe.

Ilikuwa nchi njema. Watu wake waliamka mapema, wakapanga foleni, jioni wakarudi nyumbani kupumzika ili kesho wapange tena. Ilikuwa na Wizara ya Ulinzi kama nchi nyingine, na Wizara ya Maji kama nchi nyingine, ingawa maji hayakuwa na habari kwamba yana wizara. Lakini iliwapita majirani wote kwa jambo moja: ilikuwa na Wizara ya Uhakiki. Wizara hii ilianzishwa siku serikali ilipogundua kwamba inawalipa mishahara watu waliokwisha kufa, watumishi hewa kama walivyoitwa. Ikahakiki watumishi. Ilipowamaliza watumishi ikahakiki vyeti vyao, kisha walimu waliowafundisha, kisha ng'ombe, kisha makaburi, ili kujua kama waliomo ndio waliozikwa. Kilichopita kiligongwa muhuri wa buluu, na sheria ilisema hivi: kilichohakikiwa ni kweli, na kilicho kweli hakihakikiwi tena.

Humo aliishi Zebedayo Mrutu, mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila Jumamosi aliandika safu ya sanaa katika gazeti la Sauti ya Utulivu. Juu ya safu yake palikaa neno moja kwa herufi nene: UHAKIKI. Kwa miaka mingi hakuna mkubwa aliyeliona neno hilo, kwa sababu safu ilichapwa ukurasa mmoja na matangazo ya vifo, na wasomaji wa ukurasa ule walikuwa wakitafuta ndugu zao.

Mke wa Zebedayo aliitwa Perpetua, naye alikuwa na mdogo wake wa kiume, Anaeli, mchekeshaji. Anaeli aliwahi kufungwa miezi minane kwa kosa la kufanana na mtu. Mtu mwenyewe alipopatikana ikaonekana hawafanani hata kidogo, Anaeli akaachiwa, akaonywa asirudie. Alipotoka hakulia wala hakushitaki. Aliwakusanya wenzake, wakaazima kamera, wakatengeneza filamu, wakaiita Zamu ya Bwana Jela.

Ndani ya filamu hiyo yumo mtu anayeitwa Sikujua, na Anaeli mwenyewe ndiye anayemwigiza. Anasimama mahakamani.

"Jina lako?"

"Sikujua."

"Ulijua kwamba mbuzi yule ni wa Diwani?"

"Sikujua."

"Unaifanyia mahakama mzaha?"

Basi anakula kifungo. Huko gerezani, Bwana Jela hula maharage ya wafungwa na kuwaachia mchuzi, mchuzi mweupe, mtulivu, unaong'aa, hata Sikujua hunyoa ndevu kwa kujitazama ndani ya bakuli. Siku moja Bwana Jela anaingia kuoga. Wafungwa wanaofua nguo wanaichukua sare yake, wanamwekea kaptula na shati la mfungwa. Askari wa zamu mpya, wageni wa mahali pale, wanamkuta koridoni na kumsukumia seli. "Mimi ndiye Bwana Jela!" anapiga kelele. Na askari anamjibu bila kugeuka, "Humu ndani kila mtu ni Bwana Jela. Lala." Kunapokucha anapewa mchuzi wake. Anainamia bakuli, anaona uso, anaruka nyuma na kuuliza, "Wewe nani?"

Hapo, katika kumbi zote za nchi, watu waliteleza kutoka kwenye viti. Zebedayo alicheka pia, ila alicheka kidogo, kwa kuwa alikuwa kazini.

Kwa sababu mtengenezaji alikuwa shemeji yake, aliogopa kumpendelea. Akaomba kwanza, kisha akaandika. Alisema sehemu ya kati inachechemea. Alisema wimbo wa mwisho ungeachwa. Alisema mwisho wenyewe, pale Bwana Jela anapotubu na kuwagawia wafungwa maharage kwa mkono wake, haukumshawishi. Kisha, ili asionekane mkali kupita kiasi, akafunga kwa maneno haya: "Pamoja na hayo, nimeihakiki filamu hii tangu mwanzo hadi mwisho, nami nathibitisha kwamba ni ya kweli."

Perpetua aliisoma kabla haijakwenda gazetini. Alikuwa na desturi hiyo, akisoma huku akichambua mchele.

"Baba Tumsifu, hapa ungesema tu inafurahisha."

"Inafurahisha ni neno la harusi, Mama Tumsifu."

"Na kweli ni neno la wapi?"

Jibu lilifika Jumatatu, na lilikuja na gari.

*

Mhakiki Mkuu wa Taifa, Mheshimiwa Leonidasi Pandikizi, alikuwa mtu mfupi juu ya kiti kirefu. Nyuma yake ilitundikwa picha yake, na kwenye kona ya picha muhuri wa buluu, kuthibitisha kwamba ni yeye.

"Karibu, ndugu mhakiki mwenzangu," alisema. "Serikali yako sikivu, ambayo hulala macho wazi na huamka ikiwa imekwisha kuamka, imeisoma kazi yako. Tumefarijika sana. Sisi filamu ile ingetuchukua mwaka mzima. Tungeunda tume, tungesafiri, tungejifunza kwa wenzetu wa ng'ambo. Wewe umeimaliza kwa kukaa tu."

"Mheshimiwa, naona pana kutoelewana. Uhakiki wangu mimi ni wa sanaa."

"Umesema umeihakiki?"

"Nimesema."

"Umethibitisha kwamba ni ya kweli?"

"Kweli ya kisanaa, Mheshimiwa. Maana yake, inagusa."

"Inamgusa nani?"

Pandikizi, ambaye hakupenda kumwonea mtu, akaagiza kamusi. Ililetwa na watu wawili, mmoja akiibeba na mwingine akimhakiki mbebaji. Pandikizi alisoma kwa sauti. Kuhakiki, maana ya kwanza: kuchunguza jambo ili kujua usahihi wake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maana ya pili: kueleza ubora na udhaifu wa kazi ya sanaa. Uso wake ukabadilika.

"Neno moja, kazi mbili," alisema polepole. "Linakula huku, linakula na huku. Na limekaa humu miaka yote hii hakuna aliyeliona. Ndugu yangu, huyu ni mtumishi hewa."

Akachukua kalamu, akaifuta maana ya pili. Akafunga kamusi.

"Sasa tunaelewana. Filamu imehakikiwa, basi ni kweli. Ikiwa ni kweli, shemeji yako ameyatoa hadharani mambo ya ndani ya gereza, na hiyo ni siri ya serikali. Miaka saba."

"Na kama si kweli, Mheshimiwa?"

"Basi ni uzushi. Miaka saba vilevile. Serikali haibagui."

*

Ilibidi pia atafutwe yule Bwana Jela mla maharage, kwa kuwa sasa alikuwa kweli na hajulikani alipo. Wizara ikatangaza redioni kwamba yeyote anayejiona ametajwa afike. Nchi ilikuwa na magereza kumi na moja. Walifika mabwana jela kumi na watatu, wawili wakiwa wamestaafu.

Zebedayo alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akisubiri aambiwe kama anaruhusiwa kuondoka, akawasikia. Wa kwanza alidai kwamba mwendo ule ni wake, anatembea hivyo tangu alipoumia nyonga. Wa pili alidai kitambi. Wa tatu alisema, "Mwendo chukueni, kitambi chukueni, lakini maharage yale ni ya kwangu, na ninao mashahidi." Mmoja wa wastaafu, mzee mwenye fimbo, alilia kabisa. Alisema yeye enzi zake hakuishia kwenye maharage, alichukua na mablanketi, na kuonyeshwa kama mwizi wa maharage tu mbele ya wajukuu zake ni kudhalilishwa.

Wakaandikishwa wote, wakapewa chai, wakarudi kazini. Aliyekamatwa ni Anaeli. Tangazo la Wizara lilisema hakukamatwa bali amehifadhiwa, kama kielelezo.

*

Kituoni, Zebedayo alimkuta shemeji yake ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, kama mtu aliyesindikizwa pwani kupumzika.

"Shemeji," Anaeli alisema, "uliandika kwamba mwisho haukukushawishi. Huu je?"

"Anaeli, usinifanyie hivyo."

"Nauliza kama msanii. Nataka nijirekebishe."

Zebedayo akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alitaka kuomba msamaha, lakini hakujua aanze na neno gani, kwa kuwa neno moja tu ndilo lililowafikisha pale, na sasa aliyaogopa yote. Anaeli alimwona, akaacha utani kidogo.

"Hukuandika vibaya, shemeji. Ni maandishi mazuri. Ungewaandikia tu kwamba ni kichekesho. Hakuna mtu aliyewahi kufungwa katika nchi hii kwa ajili ya kichekesho."

"Hakuna?"

"Hakuna aliyerudi kusema."

Askari aliyekuwa mlangoni alikohoa. Pengine hakikuwa kikohozi. Lakini Zebedayo alishika neno lile, kichekesho, akatoka nalo kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye gae, akiogopa lisizimike njiani.

Alihitaji mashahidi kwamba watu walicheka. Akaanza na wahakiki wenzake, maana wote walikuwa wameisifu filamu. Bibi Hadija Mwinyipembe wa gazeti la Kibatari alikuwa ameandika kwamba alicheka hadi akashikwa na kichomi. Zebedayo alimkuta ofisini kwake akisahihisha masahihisho. Kichomi kilikuwapo, alisema, hakika. Ila kilitokana na mihogo aliyokula kabla ya filamu. Bwana Stambuli wa Jamii Njema alikuwa ameandika "nilicheka hadi machozi." Toleo lililofuata lilisomeka "machozi," na mwandishi aliomba radhi kwa maneno yaliyozidi.

"Lakini tulikaa safu moja, Stambuli. Uliniegemea bega ukicheka."

"Nilikuwa nimesinzia, Zebedayo."

"Ulikuwa unanipiga paja."

"Niliota."

Hakusema kwa ubaya. Alisema akitazama mlango, na mkono wake ulikuwa umeshika meza.

Vilevile kumbi zilizoonyesha filamu ziliandika kwenye mbao za nje kwamba hakuna tukio la kicheko lililoripotiwa. Watu waliokuwa wakiigizana mitaani "Humu ndani kila mtu ni Bwana Jela, lala" sasa walisema "lala" peke yake, na kwa sauti ya chini, kwa watoto tu.

*

Zebedayo alirudi kwa Pandikizi.

"Mheshimiwa, si kweli wala si uzushi. Ni kichekesho. Kichekesho hakisemi kwamba jambo limetokea. Kinasema tu, hebu ona."

Pandikizi aliegemea nyuma, akafikiri. Tusimsingizie: alifikiri kweli, kwa muda mrefu, na mtu aliyebeba kamusi aliitwa tena.

"Kichekesho ni kitu kinachochekesha," alisema hatimaye. "Hiki kimehakikiwa kwamba kinachekesha?"

"Watu walicheka, Mheshimiwa."

"Ambao sasa hawakucheka. Tunazo taarifa zao." Akasimama, ingawa haikuonekana sana. "Lakini serikali yako haimfungi mtu kwa pupa. Naunda Kamati ya Kuhakiki Kicheko. Itaitazama filamu Alhamisi. Akicheka mtu mmoja, mmoja tu, kati ya wote watakaokuwamo ukumbini, ukimtoa mtuhumiwa, basi itakuwa imehakikiwa ni kichekesho na shemeji yako atakwenda nyumbani kwake kula. Nani atasema hatukumtendea haki?"

Zebedayo alirudi nyumbani anakimbia, mtu wa umri wake. Mmoja tu! Na yeye mwenyewe angekuwamo ukumbini.

Kanuni zilitoka Jumatano. Kicheko kitokee tumboni. Cha puani si kicheko, ni mafua. Kisikike na mashahidi wawili. Kisiwe cha kulazimisha, kwa kuwa cha kulazimisha ni ushahidi wa uongo. Daktari wa mapafu angekuwapo kutofautisha.

Alhamisi asubuhi Zebedayo alisimama mbele ya kioo cha kunyolea, akajaribu.

"Hicho ni kikohozi," Perpetua alisema kutoka jikoni.

Akajaribu tena.

"Hicho ni mbuzi."

"Mama Tumsifu, siwezi kucheka ukinisikiliza."

"Na huko watakuwa wanafanya nini?"

Perpetua akaja, akafuta mikono kwenye kanga, akamshika bega, wakapiga magoti hapo hapo kati ya meza na kabati. Perpetua ndiye aliyeomba. Alisema, "Baba, watu wengine leo wanakuomba mvua, wengine wanakuomba ada. Mimi naomba kicheko kimoja. Wewe ulimsikia yule bibi mzee aliyecheka moyoni nyuma ya mlango wa hema ulipomwahidi mtoto, na alipokana kwa hofu ulijua kwamba amecheka. Unatujua tulivyo. Mpe mume wangu kicheko kimoja cha tumboni, kabla ya saa kumi. Amina."

"Amina," alisema Zebedayo.

*

Ukumbi wa Wizara ulikuwa umepambwa. Kamati iliketi safu ya mbele: jaji mstaafu, kanali, mwakilishi wa wanawake, daktari wa mapafu, na wengine ambao kazi yao ilikuwa kutimiza idadi. Anaeli aliketishwa pembeni akiwa na pingu. Zebedayo alipewa kiti mkabala naye.

Kiti cha Mheshimiwa Pandikizi kiliwekwa mbele ya wote, chini ya pazia la filamu, kikiwatazama wanakamati. Alieleza kwamba hakuja kutazama filamu. Filamu haina uso. Alikuja kuhakiki nyuso. Taa zikazimwa, isipokuwa moja iliyowamulika wao.

Basi filamu ikaanza, na kila aliyetaka kuitazama ilimbidi aitazame juu ya kichwa cha Pandikizi. Sikujua alitoa jina lake mahakamani. Kimya. Sikujua alinyoa ndevu ndani ya bakuli la mchuzi. Kimya. Jaji alikuwa ameingiza ncha ya tai mdomoni. Bwana Jela alitokea, kitambi mbele, akitembea kwa mwendo wake ule, na ikawa kama anatembea juu ya upara wa Mhakiki Mkuu, kutoka sikio hadi sikio. Kanali akaanza kutetemeka mabega. Pandikizi akamwelekezea macho.

"Kanali, vipi?"

"Malaria, Mheshimiwa."

Mwakilishi wa wanawake aliomba kutoka. Mlango ulipofungwa nyuma yake, koridoni ikasikika sauti kama ya mtu anayekabwa, ikaendelea, ikapanda, ikaishia kwa kwikwi. Zebedayo akainuka nusu.

"Mheshimiwa, umesikia? Ile pale!"

Pandikizi aliwauliza wanasheria wake. Wakashauriana. Koridoni si ukumbini, walisema.

Ndipo ikafika sehemu yenyewe. "Mimi ndiye Bwana Jela!" "Humu ndani kila mtu ni Bwana Jela. Lala." Zebedayo alijua kwamba ni sasa. Alikuwa anaiona filamu mara ya nne, na mara zote tatu za kwanza mahali hapa palimtekenya. Akalegeza tumbo kama alivyofundishwa na daktari wa mapafu, ambaye alikuwa mtu mwema na alimnong'oneza mlangoni. Akafungua mdomo. Kicheko hakikuja. Akamtazama Anaeli amsaidie.

Anaeli alikuwa tayari anamsaidia. Huku pembeni, kimyakimya, alikuwa akimwigizia yeye peke yake. Midomo ilifuata maneno yote. Nyusi zilipanda. Alijaza mashavu akawa Bwana Jela, akayabonyeza akawa askari. Na bakuli lilipoletwa juu ya pazia, Anaeli aliinua mikono yake miwili kama anashika bakuli lile, akainama atazame ndani, na pingu zikateleza kuelekea kwenye viwiko. Alikuwa amekonda kiasi hicho. Akaruka nyuma, macho yamemtoka, akamwuliza Zebedayo bila sauti: "Wewe nani?"

Zebedayo akatoa sauti. Ilitoka tumboni, wote waliisikia. Daktari wa mapafu alisimama kwa furaha, mkono juu, kisha akaushusha taratibu.

Ilikuwa kilio. Zebedayo Mrutu, mzee wa kanisa, alikuwa analia kwa sauti mbele ya Kamati, miwani mkononi, na kadiri alivyotaka kukigeuza kile kilio kiwe kitu kingine ndivyo kilivyozidi.

Pandikizi aliagiza taa ziwashwe.

"Kamati imesikia," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma. "Mhakiki aliyeijua filamu hii kuliko sote ameitazama na amelia. Mtu halii kwa jambo lisilo la kweli. Imehakikiwa: si kichekesho, ni msiba. Na ni kweli."

Muhuri wa buluu ukagongwa hapo hapo, kwenye mkebe wa filamu. Jaji mstaafu alisoma uamuzi, akiondoa uzi wa tai kwenye meno. Miaka saba ilionekana mingi kwa mtu aliyesema kweli, na Kamati ilitaka kuwa na utu. Kwa hiyo Anaeli hakupewa miaka yoyote. Angekaa gerezani mpaka filamu itakapoacha kuwa kweli.

"Na nani atahakiki kwamba imeacha?" Zebedayo aliuliza.

"Ndugu Mrutu," Pandikizi alisema, akimpa kitambaa chake mwenyewe afute uso, "kilicho kweli hakihakikiwi tena. Wewe ni mwenzetu, unaijua sheria."

*

Magazeti yote yaliusifu uhakiki ule. Kibatari kiliandika kwamba taifa sasa lina msiba wake wa kwanza wenye muhuri. Zebedayo aliongezwa cheo, akawa Mhakiki Mshauri wa Wizara, akapewa meza. Kazi yake ilikuwa kutazama vichekesho vyote kabla havijatolewa, na wachekeshaji waliomwona akija walikuwa wakianza kufunga vitu vyao.

Alipopata ruhusa ya kumwona shemeji yake, Perpetua alipika maharage. Aliyapika kwa nazi, akayaweka kwenye bakuli la bati lenye mfuniko, akalifunga kwa kitambaa safi.

"Mwambie ayale yakiwa ya moto," alisema. Tangu Alhamisi ile alikuwa anaomba kimyakimya, na Zebedayo hakuwa na ujasiri wa kumwuliza anaomba nini siku hizi.

Getini bakuli lilihakikiwa. Askari wa kwanza alihakiki kwamba ni maharage, kwa kuonja. Wa pili alihakiki kwamba wa kwanza hakukosea. Palikuwa na mageti kadhaa. Zebedayo alipoketi hatimaye kwenye benchi la wageni, Anaeli mbele yake, na askari wa zamu ukutani, kitambaa kilifunguliwa, mfuniko ukaondolewa, na ndani ya bakuli palikuwa na mchuzi. Ulikuwa mweupe, umetulia, unang'aa.

Wakautazama wote wawili.

"Mama Tumsifu amepika maharage," alisema Zebedayo. "Naapa, Anaeli. Nimeyabeba mimi mwenyewe."

"Najua, shemeji."

"Yalikuwa mpaka hapa."

"Najua. Yamehakikiwa."

Anaeli akalivuta bakuli karibu. Hakuwa na ndevu nyingi, lakini alizigusagusa, akageuza shavu moja, akageuza jingine, kama mtu aliye kwa kinyozi. Kisha akainama zaidi, akaona uso wake mle ndani, mwembamba, wa mtu mwingine kabisa. Akaruka nyuma.

"Wewe nani?"

Na Zebedayo akacheka.

Kilitoka tumboni. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kuvunja mbavu, kikamtupa mbele hadi paji la uso likagonga meza na mchuzi ukaruka. Alijaribu kukizuia, kikamtoka puani, masikioni. Anaeli naye akaanza. Askari ukutani aliuma mdomo, akageukia ukuta, na mgongo wake wote ukawa unaruka. Katika seli za nyuma, ambako hakuna aliyekuwa ameona bakuli, mtu mmoja akadakia kwa sauti nyembamba, "Lala!" na jengo zima likawaka.

Anaeli alikuwa akijifuta macho kwa bega.

"Shemeji," alisema, akitafuta pumzi, "shemeji yangu. Kitu kizuri namna hii, Alhamisi ulikificha wapi?"

Zebedayo alifungua mdomo amjibu. Ndipo nyayo zikasikika koridoni, nzito, za mtu anayetembea kwa kuvuta nyonga. Mlango ukafunguliwa. Bwana Jela alisimama pale, kitambi mbele, na kwenye kidevu chake palikuwa na punje moja ya haragwe.

"Nani amecheka humu?"

Askari alikuwa amekwisha kukaza uso. Seli za nyuma zilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Anaeli alitazama mikono yake.

"Nimeuliza. Nani amecheka?"

"Hakuna, afande," alisema askari.

Bwana Jela akamgeukia Zebedayo. "Na wewe, Mheshimiwa Mshauri? Wewe ndiye mwenye ujuzi wa mambo haya. Umesikia kicheko?"

Zebedayo alimkumbuka yule bibi nyuma ya mlango wa hema. Alimkumbuka Perpetua amepiga magoti kati ya meza na kabati. Alikuwa na kicheko kimoja cha tumboni, chenye mashahidi, kisicho cha kulazimisha, na hapakuwa na mahali popote katika nchi ile pa kukipeleka.

"Mimi sikucheka, afande," alisema.

Bwana Jela aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wametulia kabisa. Mchuzi peke yake ndio uliokuwa bado unatikisika ndani ya bakuli.